Mfuko wa urea na kisima cha jirani: namna maji ya chini ya Unguja yanavyopigiwa hesabu

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Iwe ni mpunga, mahindi au tungule, mara nyingi zao hula chini ya nusu ya hizo. Zilizobaki nyengine hupaa hewani, nyengine hukaa kwenye udongo, na nyengine huteremka na mvua hadi kwenye maji ambayo mtu mwengine, nusu kilomita mbele, anayateka kwa ndoo.

Mkulima huuliza mbolea kiasi gani itampa mavuno. Mwenye kisima huuliza itamfikia lini, na ikiwa nyingi kiasi gani. Mtaalamu wa modeli za maji ya chini ya ardhi hutumia umri wake wa kazi kulijibu hilo swali la pili, na hulijibu bila ya kuyaona maji yenyewe. Anachokiona ni visima tu, na kisima ni tundu la sentimita 15 katika kisiwa cha kilomita za mraba 1,600 hivi.

Neno modeli huwatisha watu bila ya sababu. Modeli ni daftari la mapato na matumizi. Upande mmoja yanaandikwa maji yaliyoingia ardhini, upande wa pili yaliyotoka kwa pampu, kwa chemchemi na kwa kuvujia baharini, na tofauti yake lazima ionekane kwenye kina cha maji visimani. Naitreti nayo ina ukurasa wake. Ugumu uko kwenye kujua nini cha kuandika.

Kwa nini naitreti

Urea ikiingia kwenye udongo wenye unyevu hugeuka amoniamu ndani ya siku chache. Amoniamu ina chaji chanya, na chembe za kinamo zina chaji hasi, kwa hivyo inashikiliwa. Halafu bakteria, wakipata hewa, huigeuza naitreti. Kwa joto la visiwani kazi hiyo huchukua wiki 1 hadi 3. Naitreti ina chaji hasi kama kinamo chenyewe, kwa hivyo hakuna kinachoishika. Yakienda maji, nayo inakwenda.

Hapo ndipo bonde la mpunga linapotofautiana na konde la mboga. Mpunga uliosimama ndani ya maji una udongo usio na hewa, na bakteria wa humo hunyang'anya oksijeni iliyomo ndani ya naitreti na kuiachia naitrojeni irudi hewani ikiwa gesi. Mkulima amepoteza mbolea, lakini kisima kimenusurika. Kwenye kichanga kilichopandwa tungule, pilipili boga na mchicha, kinachomwagiwa maji asubuhi na jioni, hewa ipo tele na maji yanapita. Mfuko uleule, sehemu mbili, athari mbili. Anayekadiria uchafuzi kwa kuhesabu mifuko iliyouzwa dukani, bila ya kuuliza imemwagwa kwenye udongo gani, atakosea kabla hajawasha kompyuta.

Bonde nalo lina wakati wake wa hatari. Likikauka kiangazi, udongo hupasuka, hewa huingia, na amoniamu iliyobaki hugeuka naitreti. Mvua za mwanzo za masika hukuta mzigo huo uko tayari na huuteremsha wote kwa pamoja. Sampuli ya kisima iliyochukuliwa mwezi wa Februari haisemi chochote kuhusu siku hizo.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za naitreti kwa lita. Kimewekwa kwa ajili ya watoto wachanga, hasa wa chini ya miezi 6 wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji ya kisima: naitreti hugeuka naitriti, naitriti huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na mtoto huanza kuwa na rangi ya buluu midomoni na kwenye kucha. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, naitreti inabaki, na kila lita inakuwa nzito zaidi. Klorini haiiondoi, wala mkaa, wala chujio la mchanga. Dawa iliyo karibu ni kumtilia mtoto maji ya chanzo chengine.

Hesabu ya penseli

Kabla ya programu yoyote, mtaalamu mzuri hufanya hesabu ya karatasini. Unguja hupata mvua ya wastani wa milimita 1,600 kwa mwaka. Nyingi hupaa au hunywewa na miti. Tuchukulie kwa mfano kwamba robo yake, milimita 400, ndiyo inayoteremka hadi kwenye maji ya chini. Kwa hekta 1 hizo ni mita za ujazo 4,000 kwa mwaka, na ndiyo maji pekee yatakayoichanganya mbolea iliyopotea.

Miligramu 50 za naitreti zina miligramu 11.3 za naitrojeni. Zidisha kwa mita za ujazo 4,000: kilo 45 za naitrojeni zikipotea chini ya hekta moja kwa mwaka, maji yanayoteremka hapo yamefika kikomo. Kwa eka moja ni kilo 18, pungufu ya mfuko mmoja wa urea. Kwa shamba la eka tatu, kipimo kilichogawiwa wakulima wengi baada ya Mapinduzi ya 1964, ni kilo 55, yaani mifuko 2 na kidogo zaidi. Hapo tunasema iliyopotea, siyo iliyomwagwa. Mkulima wa mboga anayevuna mara tatu kwa mwaka kwenye kichanga, akitia mbolea ya duka na samadi ya kuku juu yake, anaweza kuifikia hesabu hiyo bila ya kufanya kosa lolote machoni pa jirani zake.

Hesabu hiyohiyo lazima ifanywe kwa vyoo, na hapa wengi huteleza. Mtu mmoja hutoa takriban kilo 4 za naitrojeni kwa mwaka. Nyumba ya watu 6 yenye choo cha shimo hushusha kilo 24, karibu sawasawa na mfuko mmoja wa urea, na huzishusha zote mahali pamoja, chini ya mizizi, pasipo na mmea wa kuzila. Kijiji kilichojengwa karibukaribu juu ya jiwe kinaweza kuwa na naitreti nyingi visimani ingawa hakuna anayelima. Kumlaumu mkulima kwa kila naitreti ni dhulma, na kumsafisha kabla ya kupima ni dhulma ya upande wa pili.

Namna za kutenganisha naitreti ya mbolea na ya choo zipo, ila hakuna inayotosha peke yake. Vijidudu vya kinyesi vikiwemo, choo kimehusika. Kloridi ikipanda pamoja na naitreti, mara nyingi ni choo au samadi, kwa sababu urea haina kloridi. Lakini karibu na pwani kloridi hutoka baharini na kuuvuruga ushahidi huo. Maabara zenye mashine ya isotopu hupima uwiano wa naitrojeni nzito na nyepesi: naitrojeni ya mbolea ya kiwandani iko karibu sawa na ya hewa, kwani imetengenezwa kwa hewa, na ya kinyesi ni nzito zaidi. Zikikubaliana dalili tatu ndipo mtu anapokuwa na haki ya kusema.

Ardhi mbili katika kisiwa kimoja

Ukitoka mjini kuelekea mashariki unavuka mpaka ambao wakulima waliujua zamani kuliko wanajiolojia. Magharibi na katikati kuna udongo wenye kina: kichanga, kinongo chekundu, na kinamo kwenye mabonde ya Cheju, Kibokwa, Kinyasini na Bumbwisudi. Mashariki na kusini ni uwanda na maweni, jiwe la matumbawe ya kale lililotobolewa na mvua, lenye udongo wa kufukia vidole tu na mapango chini yake. Pemba ina vilima na mabonde mengi upande wa magharibi, na mawe upande wa Micheweni. Vijito kadhaa vya Unguja hutiririka juu ya udongo na vikifika kwenye mawe humezwa.

Kanuni inayotawala mwendo wa maji kwenye mchanga ilitolewa na mhandisi wa Kifaransa, Henry Darcy, mwaka 1856 mjini Dijon, kwa kupitisha maji kwenye mapipa yaliyojaa mchanga na kupima yanayotoka. Kasi ya maji ni upenyezaji wa udongo, yaani wepesi wake wa kupitisha maji, mara mteremko wa uso wa maji, ugawe kwa nafasi zilizo wazi kati ya chembe. Chukua mchanga wenye upenyezaji wa mita 5 kwa siku, uso wa maji unaoteremka mita 2 kwa kila kilomita, na nafasi wazi za asilimia 20. Jibu ni sentimita 5 kwa siku, mita 18 kwa mwaka. Mbolea iliyokwisha kufika kwenye maji chini ya konde lililo umbali wa mita 200 upande wa juu wa mteremko kutoka kisimani itachukua miaka 11 kukifikia.

Na kabla ya safari hiyo ya ubavuni kuna ya kuteremka. Ikiwa kila mwaka yanateremka maji ya milimita 400 ndani ya udongo wenye unyevu wa asilimia 20, yanasukuma kilichopo chini yake mita 2 kwa mwaka. Maji yakiwa kwenye kina cha mita 15, ni miaka 7 na nusu. Kwa hivyo kisima kinachotoa maji safi leo kwenye kichanga kinaweza kuwa kinatoa mvua ya kabla ya mkulima wa sasa hajaanza kulima. Na atakayeacha mbolea leo asitarajie shukrani kesho.

Kwenye jiwe hesabu inageuka kabisa. Upenyezaji wa mita 1,000 kwa siku si ajabu kwa jiwe la matumbawe, na hata mteremko ukiwa nusu mita tu kwa kilomita na nafasi wazi asilimia 10, maji yanakwenda mita 5 kwa siku, karibu kilomita 2 kwa mwaka. Huo ni wastani wa jiwe zima. Ndani ya ufa au pango, kilomita inaweza kuwa kazi ya siku chache, na mvua kubwa ya masika hufika chini kwa saa. Tena ndani ya pango kanuni ya Darcy haifanyi kazi, kwani maji hayapenyi tena, yanakimbia na kuvurugika.

Kosa baya zaidi la kitaalamu katika visiwa hivi linatokana na hapo: kuchukua modeli iliyotengenezwa kwa ajili ya mchanga, kuivisha uwanda, kuipatanisha na kina cha visima, kuona inapatana vizuri, halafu kuitumia kutabiri uchafu utafika lini. Kina cha maji huweza kutabirika vizuri kwa kulichukulia jiwe kama mchanga mkubwamkubwa. Muda wa uchafu hautabiriki hivyo. Ufa wa sentimita 30 unaobeba nusu ya maji hauonekani kwenye modeli inayoigawa ardhi kuwa vyumba, yaani vipande vya mraba, vyenye upana wa mita 100 kila kimoja.

Njia ya kuujua ufa ni kuutia rangi. Uranini, rangi ya kijani inayong'aa, huyeyushwa na kumwagwa pangoni, na visima na chemchemi za pwani huangaliwa. Gramu mia chache hutosha kwa kazi nyingi, kwa sababu chombo cha kupimia huiona hata pale jicho lisipoiona. Vifuko vya mkaa hutundikwa ndani ya maji vikaikusanya rangi na kubadilishwa kila siku chache. Masheha na watumiaji wote wa maji huarifiwa kabla. Asiyeeleza mapema, mtu akafungua mfereji wa nyumbani na kukuta maji ya kijani, atakuwa amejifungia mlango wa shehia hiyo kwa miaka.

Bahari iko chini, si pembeni tu

Maji baridi ya kisiwa hayakai juu ya mwamba mkavu. Yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa 20, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walifikia hesabu moja: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Kisima cha uwanda ambacho maji yake yamesimama sentimita 50 juu ya bahari kina mita 20 za maji baridi chini. Pampu ikiyashusha sentimita 10 na yakabaki hapo, mpaka wa chumvi hatimaye hupanda mita 4. Kwa kweli mpaka huo si mstari, ni ukanda wa mchanganyiko, kwa hivyo chumvi hutangulia kuonekana kabla ya hesabu haijaisha.

Na haihitajiki chumvi nyingi. Maji ya bahari yana takriban miligramu 19,000 za kloridi kwa lita. Asilimia 1 tu yake huongeza 190, na ulimi wa mtu huanza kulalamika karibu na 250.

Kilimo kinaingia hapa kwa mlango wa pili. Mpunga wa umwagiliaji hutaka maji ya milimita 1,000 au zaidi kwa msimu, yaani mita za ujazo 10,000 kwa hekta. Kwa makadirio yetu ya hapo mwanzo, ya milimita 400, hizo ni mvua iliyoteremka kwenye hekta 2 na nusu kwa mwaka mzima. Sehemu hurudi chini, lakini haikurudi kama ilivyotoka. Nusu ya maji ikipaa, chumvi na naitreti iliyokuwemo imebaki yote ndani ya nusu iliyosalia. Kisima kinachomwagilia konde lililokizunguka kinaweza kunywa maji yake mwenyewe mara ya pili na ya tatu, na kila mara ni mazito zaidi. Modeli inayohesabu maji yaliyopampuliwa lakini haihesabu yaliyorudi itaripoti upungufu mkubwa kuliko uliopo na uchafu mdogo kuliko uliopo, makosa mawili kwa mpigo.

Vipimo, ambavyo ndiyo kazi yenyewe

Kina cha maji hupimwa kwa utepe wenye kengele inayolia ukigusa maji. Dakika mbili tu. Kinachochukua siku nzima ni kupima kimo cha mdomo wa kisima kutoka usawa wa bahari. Pale uso wa maji unapoteremka nusu mita kwa kilomita, kosa la sentimita 20 kwenye mdomo wa kisima kimoja linaweza kuyageuza maji yatembee kinyumenyume kwenye ramani. Kimo kilichosomwa kwenye simu kina kosa la mita kadhaa na hakifai hata kwa kuanzia. Leveli ya darubini na rula, kituo kwa kituo, au GPS ya wapima ardhi. Hakuna njia ya mkato.

Halafu kuna bamvua. Wakati wa bamvua bahari ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, na visima vya mawe vilivyo karibu na pwani hupanda na kushuka nayo, vikichelewa kidogo. Aliyepima kisima kimoja asubuhi maji yakiwa yamejaa na kingine mchana yamekupwa, amepima saa, hajapima ardhi. Chombo cha kurekodi huachwa ndani kwa wiki mbili angalau, kipitie bamvua na maji mafu, ndipo wastani uchukuliwe. Jambo la kufurahisha ni kwamba usumbufu huo una faida. Kadiri wimbi la bahari linavyofifia na kuchelewa kadiri ya umbali kutoka pwani, ndivyo unavyoweza kukokotoa upenyezaji wa jiwe. Bahari inakufanyia jaribio la pampu bure, mara mbili kwa siku.

Kwenye sampuli, kosa la kawaida ni kuchukua maji yaliyolala. Kisima chenye bomba la sentimita 15 na maji ya mita 20 ndani kina lita 350 hivi. Yapampuliwe mara tatu ya hapo, lita elfu moja na zaidi kidogo, mpaka kipimo cha uwezo wa kupitisha umeme kitulie, ndipo chupa ijazwe. Isuuzwe kwanza kwa maji yaleyale. Iwekwe kwenye barafu, gizani, na ipimwe ndani ya saa 48, la sivyo bakteria watakula naitreti njiani na kisima kichafu kitaandikwa kisafi.

Na vipimo vikirudi kutoka maabara, angalia vimeandikwa nini. Maabara nyengine huandika naitreti nzima, nyengine huandika naitrojeni iliyomo ndani yake, na tofauti ni mara 4.43. Kumi iliyoandikwa kwa namna ya kwanza ni maji salama. Kumi iliyoandikwa kwa namna ya pili ni miligramu 44 za naitreti, karibu na kikomo. Majedwali mengi yamechanganya hizo mbili ndani ya safu moja, na hakuna modeli inayoweza kulirekebisha jambo hilo baadaye.

Kuijenga modeli

Programu inayotumika zaidi duniani ni MODFLOW, ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, iliyotoka mwaka 1984 na kutolewa bure hadi leo. Inaigawa ardhi kuwa vyumba. Vyumba vya mita 100 kwa 100 kwa Unguja yote ni takriban 160,000 kwa tabaka moja. Kila chumba kinaulizwa jambo moja: jirani zako wanakupa kiasi gani, nawe unatoa kiasi gani? Kompyuta hurudia swali hilo mpaka daftari zima lisawazike.

Pwani, modeli huambiwa kimo cha bahari. Hapo pana mtego. Safu ya maji ya bahari ya mita 40 ina uzito wa safu ya maji baridi ya mita 41, kwa hivyo kwenye matabaka ya chini bahari inasukuma kuliko kimo chake kinavyoonesha. Asiyerekebisha hilo, au asiyetumia programu inayohesabu uzito wa maji kama SEAWAT, atapata kisiwa kinachomwaga maji baridi mahali ambapo kwa kweli chumvi inaingia.

Kisha hufuata kupatanisha: kubadilisha upenyezaji na mvua inayoteremka mpaka kina cha modeli kifanane na kina cha visima. Hapa ndipo uaminifu wa mtu unapojaribiwa, kwa sababu kina peke yake hakitoshi kabisa. Zidisha upenyezaji wote mara mbili na mvua inayoteremka mara mbili, na pasipo na pampu kina cha maji kitabaki palepale, sentimita kwa sentimita. Modeli mbili, zote zimepatana, lakini moja inasema naitreti itafika baada ya miaka 11 na ya pili baada ya mitano na nusu.

Kinachoamua kati yao ni maji yanayotiririka. Ndiyo maana chemchemi ni mali kubwa kwa mtaalamu. Zile za upande wa Bububu ambazo Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alizivutia mabomba hadi mjini, zilikuwa kwake maji ya kunywa. Kwa modeli, chemchemi ya namna hiyo ni kipimo cha kila kilichoteremka juu yake. Huwekwa kizuizi cha bati chenye mkato wa pembetatu wa nyuzi 90. Maji yakisimama sentimita 20 juu ya ncha ya mkato, yanapita lita 25 kwa sekunde. Zikiwa ndiyo wastani wa mwaka, ni mita za ujazo 788,000, na kwa milimita 400 hutaka eneo la hekta 197. Ramani ikionesha eneo linaloilisha ni nusu ya hapo, basi makadirio ya mvua inayoteremka ndiyo yaliyokosea. Bati moja na rula, na nusu ya modeli zilizopatana zinatupwa.

Naitreti huhitaji programu ya pili inayopanda juu ya ya kwanza. MT3D, iliyotolewa mwaka 1990, ni kazi ya Chunmiao Zheng, mzaliwa wa China aliyesomea udaktari Wisconsin na kufundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Alabama. Inachukua kasi ya maji kutoka MODFLOW na kuubeba uchafu: unasafiri, unatawanyika, unashikwa na udongo, unaoza. Dawa za magugu zinatofautiana sana kwenye kushikwa. Nyengine huganda kwenye udongo karibu na juu, nyengine hufuata maji kama naitreti. Hatari ya programu hizi ni vyumba vikubwa. Chumba cha mita 100 kikipokea uchafu kwenye kona moja huuchanganya mara moja ndani yake chote, na wingu kali jembamba linageuka wingu pana hafifu. Kwenye karatasi kisima kiko salama. Ardhini, kimekwisha kuguswa. Karibu na visima vyumba hupunguzwa hadi mita 5 au 10, hata kama kompyuta itakesha ikifanya kazi.

Mwenye kutaka kazi hii hapa Zanzibar huingia kwa mlango wa jiolojia, uhandisi wa maji, kemia au kilimo, na lazima aazime kutoka kwa wengine watatu. Hisabati ya modeli hujifunzwa kwa mwaka mmoja au miwili. Kujua kwamba kisima fulani kimefukuliwa na mwenyewe mara mbili, kwamba pampu ya jirani huwashwa alfajiri, kwamba bonde lile husimama maji hadi Julai, huchukua muda mrefu zaidi, na aliyeukwepa muda huo huonekana kwenye ramani zake.

Eka zinazokilisha kisima

Jibu ambalo shehia hulihitaji mara nyingi zaidi ni hili: kisima chetu kinakula wapi? Kisima kinachotoa mita za ujazo 500 kwa siku hutoa 182,500 kwa mwaka. Gawa kwa mita 0.4 ya mvua inayoteremka, unapata hekta 46, karibu eka 113, mashamba 38 ya eka tatu. Hayo ndiyo mashamba ambayo mvua yao inaishia kwenye mfereji wa kijiji. Lakini hayakizunguki kisima kama duara. Maji huja kutoka juu ya mteremko, kwa hivyo eneo hilo ni ulimi mrefu unaopanda upande mmoja, na konde lililo mita 50 upande wa chini linaweza lisihusike kabisa, huku la kilomita moja juu likihusika lote. Uzio wa duara wa mita 60 kuzunguka pampu huzuia mbuzi na vyoo, hauzuii naitreti.

Modeli ikishauchora ulimi huo, wakulima 38 wanaweza kuitwa kwa majina yao badala ya kuhutubia kisiwa kizima. Wanachoombwa si kuacha mbolea. Ni kuigawa urea mara tatu badala ya moja, kutoitia wiki ambayo mvua kubwa inatarajiwa, kuhesabu samadi ya kuku ndani ya mbolea badala ya juu yake, na kupanda kunde au chochote chenye mizizi kabla ya masika ili naitreti ya kiangazi ipate wa kuila. Na kwa kuwa kwenye kichanga kisima kikuu hakitaonesha mabadiliko kwa miaka 10 au zaidi, huchimbwa vitobo vidogo vya kupimia ndani ya makonde yenyewe, vinavyofika sentimita chache tu ndani ya maji ya juu kabisa, yale yaliyoteremka karibuni zaidi. Maji yakiwa kwenye kina cha mita 4, naitreti ya vitobo hivyo inatakiwa ianze kupungua baada ya masika mawili au matatu. Isipopungua, ama ushauri haukufuatwa, ama naitreti ilikuwa ya vyoo, na hesabu inarudi kwenye penseli.